Bobkati ya Cheni ya Mtumba Imegoma Kutii Liva: Anzia Hapa

Simu huja na maneno yaleyale. "Fundi, mtambo unawaka vizuri, injini haina neno, lakini nikisukuma liva haendi." Kabla sijauliza swali la pili naambiwa kuna mtu ameshapita, ametazama, amesema kontrolboksi (kompyuta ndogo inayoamuru mtambo) imekufa, na nyingine inaulizwa bei nje ya nchi. Hapo ndipo huwa naomba wasilipe chochote mpaka nifike.

Kwenye mitambo hii midogo ya kupakia yenye cheni za mpira, kontrolboksi hulaumiwa kwanza, na katika nilizofungua mimi, ni chache sana zilizokuwa na kosa kweli. Mara nyingi imefanya ilichotengenezwa kufanya: imeona kuna kitu hakijakaa sawa, ikakataa kuuachia mtambo wa tani nne utembee. Kazi ya fundi ni kujua imeona nini.

Kwa mtambo wa mtumba kuna kazi ya pili. Unamtafuta pia fundi aliyepita: waya alizokata, fyuzi alizozidisha ukubwa, swichi alizozipita kwa kuunga waya zake dairekti ili kazi imalizike siku ile. Mwongozo huu nimeupanga kwa kuzingatia hilo.

(Wengi wetu tunauita bobkati hata kama ubavuni umeandikwa Takeuchi, ASV, Kubota au Caterpillar, nami nitaendelea hivyohivyo. Jina lina historia yake: ndugu wawili wa Minnesota, Louis na Cyril Keller, walitengeneza kipakizi kidogo cha magurudumu matatu mwaka 1957 cha kusafishia mabanda ya batamzinga. Kampuni ya Melroe ikakichukua, na jina la Bobcat likabandikwa mwaka 1962.)

Kwanza ujue una mtambo wa aina gani

Injini inazungusha pampu mbili za haidroliki, moja ya cheni ya kushoto na moja ya kulia. Kila pampu ina sahani ndani inayoinama: ikiinama upande huu cheni inakwenda mbele, upande ule inarudi nyuma, ikisimama wima cheni inatulia. Liva zako kazi yake ni kuiambia sahani iiname kiasi gani.

Mara nyingi zinaiambia kwa njia mbili. Kwenye mitambo ya zamani, na mingine ya karibuni, liva ni vali yenyewe: inapitisha oili ya presha ndogo kwenda kwenye pampu. Kwenye mingine liva ni swichi ya kisasa tu, inatuma umeme kwa kontrolboksi, na kontrolboksi inaamuru koili zilizo kwenye pampu, yaani sumaku za umeme zinazosukuma vali. Funua mpira unaofunika shina la liva utazame chini. Ukiona hozipaipu nyembamba zimejipanga, liva yako ni ya oili. Ukiona waya na soketi tu, ni ya umeme. Fundi asiyetazama hapa kwanza anaweza kupoteza siku nzima akipima volti kwenye kitu kisicho na waya.

Nyuma ya vyote hivyo kuna pampu ndogo ya tatu, ya chaji. Inajaza oili kwenye mizunguko ya pampu kubwa, inatoa presha ya kuendeshea vali, na inafungua breki. Breki za mitambo hii hufungwa na springi na kufunguliwa na oili, kwa hiyo presha ya chaji ikikosekana mtambo unabaki umefungwa breki hata ungefanya nini kwenye liva. Tutairudia.

Hatua ya 1: Mtambo usikuue

Usiingie chini ya mikono iliyonyanyuliwa bila kuweka ile nguzo ya chuma ya kuikamata. Jeki ya mtambo uliokaa miaka mingi inaweza kushuka ghafla, na ukianza kuchezea vali ndiyo kabisa. Kama mtambo umekufa mikono ikiwa juu, tafuta kwenye kabini liva au kitufe cha kuishushia bila injini. Mitambo mingi inacho.

Oili inayovuja usiitafute kwa kiganja. Tundu la ukubwa wa sindano kwenye hozi linarusha oili yenye presha inayopenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi. Na mtu akichomwa na oili, hata kama kidonda kinaonekana kama cha mwiba, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kidonda hicho huharibu mkono kwa ndani huku juu kikionekana hakina kitu.

Wakati wa kujaribu, uwe na uwazi wa mita kadhaa mbele na nyuma, na mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Mtambo uliogoma wiki nzima ukitii ghafla, unatii kwa nguvu zote.

Hatua ya 2: Muulize opareta, kisha kaa mwenyewe

Bosi anajua bei ya mtambo, opareta anajua tabia yake. Muulize: unagoma kila kitu au kutembea tu? Upande mmoja au pande zote? Toka asubuhi, au ukishachemka? Uliwahi kuoshwa, kuchomelewa, kubadilishwa betri siku za karibuni?

Majibu hayo peke yake yanakata kazi nusu. Mikono inapanda lakini cheni hazitembei: fikiria breki na koili yake. Hakuna kinachotii, mikono wala cheni: fikiria vizuizi vya usalama, umeme wa jumla, au presha ya chaji. Upande mmoja tu: koili, waya, au pampu na mota ya upande huo. Unagoma ukipita kwenye mashimo tu: waya umelegea mahali, usihangaike na pampu.

Kisha kaa wewe ujaribu. Niliwahi kuitwa kwa mtambo uliokuwa na siku mbili tangu ushuke bandarini. Opareta ananiambia, "Fundi, huu una mashetani. Nanyanyua mikono, unageuka." Hakukuwa na hitilafu yoyote. Kuna mifumo miwili ya liva: ule wa ISO, liva ya kushoto inatembeza mtambo na ya kulia inafanya kazi ya mikono na baketi, na ule wa H, ambapo kila liva inatembeza cheni ya upande wake. Mitambo mingi ya liva za umeme ina swichi ya kuchagua. Aliyeuendesha huko ulikotoka aliupenda wa H, kijana wetu kazoea ISO. Nilibonyeza swichi, nikanywa soda niliyopewa, nikaondoka. Malipo yalikuwa na ubishi kidogo.

Jambo jingine la mtumba: mitambo mingine inawashwa kwa namba ya siri badala ya ufunguo. Namba hiyo idaiwe kwa muuzaji kabla pesa haijatoka.

Hatua ya 3: Vizuizi vya usalama

Mtambo unataka uhakika wa mambo kadhaa kabla ya kutii: kuna mtu kitini, chuma cha usalama kimeshuka mapajani, mlango wa mbele umefungwa (kwa yenye mlango wenye swichi), breki ya kuegesha imeachiwa. Mingine inataka ubonyeze kitufe cha kuruhusu baada ya hapo, na mingine haikubali kama chuma kilikuwa chini tayari wakati unawasha. Kinyanyue, kishushe tena, uone taa kwenye dashibodi.

Swichi ya kiti ipime kwa mita kwenye omu. Chomoa soketi yake, kaa, simama, kaa tena. Kwenye mitambo mingi mita itabadilika kutoka hakuna mawasiliano kwenda karibu na sufuri. Isipobadilika, au ikibadilika tu pale unapojikandamiza kwa nguvu, swichi au povu la kiti limechoka. Opareta mwembamba kwenye kiti kilichobonyea ni hitilafu halali kabisa. Nimeiona.

Chuma cha usalama mara nyingi hutumia sumaku ndogo na sensa inayotazamana nayo. Bushi za chuma zikilika, chuma kinacheza, sumaku inakaa mbali na sensa. Kinyanyue kidogo kwa mkono huku mtambo umewashwa. Taa ikizima na kuwaka, umempata.

Sasa fuata waya kutoka kwenye kila swichi hiyo kwa vidole, sentimita kwa sentimita, utafute utepe mweusi uliozungushwa juujuu. Chini yake mara nyingi kuna waya mbili zimesokotwa pamoja: mtu kaunga dairekti. Irudishe kama ilivyokuwa. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba mtambo unafanya kazi na mteja anasubiri. Mtambo usiojua kama kuna mtu kitini utasogea siku ambayo opareta anashuka na mguu wake ukagusa liva, na kabini ya bobkati mlango wake uko mbele, chini ya mikono. Halafu kuna sababu ya kifundi tu: kontrolboksi za siku hizi zinategemea kuiona swichi ikifunguka na kufunga. Ikiiona imefungwa saa zote inatoa kodi (namba ya hitilafu) na kugoma, kwa hiyo ile dairekti inaweza kuwa ndiyo hitilafu yenyewe unayoitafuta.

Hatua ya 4: Betri na ethi, na usiruke

Hapa ndipo nilipopatia mkate wangu mwingi.

Betri ya volti 12 iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 au hivi; kontrolboksi nyingi huzima na kuwaka upya volti zikishuka sana, zikirudi zinaleta kodi ambazo hazina maana yoyote. Injini ikiwaka alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Haya kila fundi anayajua.

Yasiyopimwa ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha mtambo. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mweusi wa mita uweke kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, kwenye risasi, usiweke kwenye kibano. Waya mwekundu gusa bloku ya injini wakati mtu anapiga stata. Kisha gusa chasisi, kisha bodi ya kabini, kisha pini ya ethi ya kontrolboksi kwa kupenyeza sindano nyuma ya soketi, taa zote na feni vikiwa vimewashwa. Unachosoma ni umeme unaopotea njiani. Kwenye kebo nene ya stata nusu volti ni mwisho. Kwenye ethi ya kontrolboksi sitaki kuona zaidi ya 0.1.

Mtambo mmoja ulinifundisha hili vizuri. Ulishuka ukiwa na rangi mpya inang'aa, mwenye nao anajivuna. Mchana unafanya kazi bila tatizo. Jioni, opareta akiwasha taa za kazi, liva zinakufa na dashibodi inapiga kelele. Akizima taa, unarudi. Tayari walikuwa wamebadilisha alteneta. Nilipima ethi ya kontrolboksi taa zikiwa zimezimwa: 0.3. Nikawasha taa: 1.1. Boliti ya ethi ilikuwa chini ya kabini, upande wa kulia. Nikaifungua. Waliopaka rangi kabla ya kuuza walikuwa wamefungua waya ule, wakapuliza rangi kwenye chuma, kisha wakafunga juu yake. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya njano imekaa kama washa, na katikati mchubuko mdogo usiozidi punje ya mchele ndio uliokuwa unapitisha umeme wa kabini nzima. Msasa mpaka chuma kikang'aa, boliti ikarudi, grisi juu kuzuia kutu. Mita ikasoma 0.04. Kama dakika ishirini hivi.

Tangu hapo, nikikuta mtambo wa mtumba una rangi mpya nafungua ethi zote kabla ya kitu kingine. Na kwa mitambo inayolala pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hata usio na rangi mpya ufunguliwe. Chumvi inakula shaba mpaka inageuka unga wa kijani.

Fyuzi nazo zichomoe moja moja utazame ukubwa wake na maandishi ya kifuniko. Ukikuta ya 30 palipoandikwa 10, kuna shoti mtu aliikimbia, na waya wake umepikwa mahali. Rilei, zile swichi ndogo zinazowashwa na umeme, zenye namba sawa zibadilishane nafasi. Hitilafu ikihama nayo, umemaliza.

Hatua ya 5: Soma kodi, lakini isome kwa akili

Mitambo mingi huonyesha kodi kwenye dashibodi yenyewe bila mashine ya kupimia. Ziandike zote, na mpangilio wake, kabla ya kuzifuta. Kisha futa, washa, fanya kile kinachosababisha tatizo, uone ipi inarudi. Mtambo wa mtumba unaweza kubeba kodi za miaka ya mwenye nao wa kwanza.

Kodi nyingi zinakuja kwa sehemu mbili, SPN na FMI. SPN inataja kifaa, FMI inataja ugonjwa. Kwa fundi wa umeme FMI ndiyo tamu zaidi: 3 ni volti imezidi, 4 ni volti imepungua, 5 ni mkondo mdogo au waya umekatika, 6 ni mkondo umezidi au waya umegusa bodi, 2 ni taarifa isiyotulia. SPN 168 ni volti za betri. Ukiiona hiyo pamoja na nyingine kumi, rudi hatua ya 4 na uziache hizo kumi. SPN 639 ni mtandao wa mawasiliano.

Kodi haisemi "badilisha sensa". Inasema volti kwenye pini fulani si ya kawaida. Sensa iliyopoteza waya wake wa ethi inaweza kutoa FMI 3 vizuri kabisa, ikiwa nzima, na ukainunua mpya ukaweka na kodi ikabaki.

Hatua ya 6: Wayaringi

Sehemu za kutazama ni zilezile kwa karibu kila bobkati. Pale kabini inapoinamia nyuma, kwenye bawaba, waya zinakunjwa kila inapofunguliwa. Pale zinapopanda kwenye mikono. Karibu na egzosi. Chini ya sakafu ya kabini, ambako matope na mawe vinajaa mpaka vinakandamiza. Na popote ambapo kibano cha plastiki kimekatika, wayaringi ikawa inasugua kona ya chuma. Mtambo ukikaa yadi miezi, ongeza panya.

Mtu akae ndani injini ikiwa imezimwa na swichi iko on, atazame dashibodi, wewe nje tikisa wayaringi mahali kwa mahali, ukiita. Akikwambia "hapo!", simama hapohapo.

Soketi ukizifungua tazama pini: kijani, weusi, maji, au pini iliyorudi nyuma ikaacha kugusa. Safisha kwa spirei ya mawasiliano ya umeme, acha ikauke. Waya usizitoboe na sindano katikati ya ngozi. Tundu hilo ndilo maji yatakapoingilia miezi sita baadaye. Na taa ya majaribio yenye globu weka mbali na waya za kontrolboksi, inavuta mkondo mkubwa kuliko zinavyoweza kubeba. Tumia mita.

Kwa mitambo yenye mtandao wa CAN, yaani waya mbili ambazo kontrolboksi na vifaa vingine huzungumzia, zima, chomoa betri, pima omu kati ya waya zake mbili zilizosokotwa. Mtandao mzima una rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, kwa hiyo mita isome karibu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sufuri, waya zimegusana. Ukirudisha betri na kuwasha swichi, kila waya usome karibu volti 2.5 na bodi, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo.

Hatua ya 7: Liva yenyewe

Liva za umeme nyingi hulishwa volti 5 na kurudisha alama inayocheza kati ya kama 0.5 na 4.5, ikiwa katikati inasoma karibu 2.5. Isogeze polepole utazame mita. Inapaswa kupanda bila kuruka. Ikiruka, au ikiachiwa hairudi mahali palepale, liva imechoka. Nyingi zina alama mbili kwa usalama. Zisipokubaliana mtambo unagoma. Kuna liva zinazozungumza kwa mtandao tu, hizo hazipimiki kwa volti. Ingia kwenye menyu ya dashibodi kama inaonyesha asilimia za liva.

Volti 5 ikikosekana usikimbilie kontrolboksi. Waya huo wa volti 5 mara nyingi unalisha sensa kadhaa kwa pamoja, na sensa moja iliyopiga shoti inaziangusha zote. Acha mita ikiwa imeshika, kachomoe sensa moja baada ya nyingine. Volti 5 itakaporudi ghafla, iliyo mkononi mwako ndiyo mchawi.

Hatua ya 8: Koili

Koili za vali nyingi za volti 12 husoma kati ya omu 5 na 15. Namba kamili iko kwenye kitabu cha mtambo, lakini mara nyingi hauhitaji kitabu: kuna mbili za kufanana, kushoto na kulia. Zikitofautiana sana, umeshajua. Kujua kama koili inapata amri, gusisha ncha ya bisibisi kwenye nati yake wakati mtu anasukuma liva. Ikivuta, umeme umefika.

Kisha hila ninayoipenda kuliko zote: zibadilishane. Soketi ya kushoto ichomeke kwenye koili ya kulia na ya kulia kushoto, kama waya zinafika. Sogeza mtambo kwa tahadhari kubwa, kwa sababu sasa utageuka kinyume. Upande mbovu ukihama, tatizo liko kwenye umeme unaotoka kontrolboksi au liva. Ukibaki palepale, tatizo ni koili, vali au pampu. Hapo zirudishe soketi mahali pake, ubadilishane koili zenyewe.

Nilikuwa na mtambo ambao cheni ya kushoto ilikuwa inakufa kila siku karibu saa tano asubuhi. Unazimwa, chakula cha mchana kinaliwa, saa nane unafanya kazi tena. Kila aliyekuja aliupima ukiwa umepoa na kukuta kila kitu sawa. Nilikaa nao mpaka ukagoma, nikapima hapohapo, mvuke ukiwa bado unatoka kwenye matope ya pampu. Koili iliyokuwa na omu 8 asubuhi haikuonyesha mawasiliano kabisa. Waya ndani yake ulikuwa umekatika, ukipoa unagusana, ukipata joto unaachana. Shaba ikipata joto omu zake hupanda kidogo, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo 8 kuwa karibu 10 mtambo ukichemka usiogope. Kupotea kabisa ndiko kubaya.

Hatua ya 9: Ikibaki oili

Tazama kimo cha oili mikono ikiwa chini. Ikiwa nyeupe kama maziwa ina maji au hewa. Dondosha matone kwenye kipande cha bati la moto. Ikichatarika kama vitunguu, ni maji.

Funga geji ya bar 60 kwenye tundu la kupimia presha ya chaji. Mitambo mingi hukaa kati ya bar 20 na 30 oili ikiwa na joto. Ikiwa chini kwa pande zote, anza na kimo cha oili, filta, na upande wa kufyonza, kisha vali ya kupunguzia presha, pampu iwe mwisho. Ikiwa nzuri mpaka unaposukuma liva ya upande mmoja, ndipo inaanguka, mzunguko wa upande huo unavujisha ndani: pampu au mota. Kwa mtambo wa liva za oili, kama presha ni nzuri lakini hakuna kinachotii, tafuta vali moja ya umeme inayofungia oili ya liva zote. Koili yake moja ikifa, mtambo mzima umekufa.

Unavuta upande mmoja

Hili huletwa kama hitilafu ya liva na mara nyingi silo. Pima kwanza ukazaji wa cheni pande zote mbili kama kitabu kinavyosema, toa mawe na matope kwenye roli, tazama kama cheni moja ni mpya na nyingine imelika. Yakiwa sawa ndipo uingie kwenye menyu ya kalibresheni, pale mtambo unapofundishwa upya vipimo vya liva na pampu. Ukiifanya cheni moja ikiwa imelegea, utakuwa umeufundisha mtambo kuchechemea, na siku cheni itakapokazwa utaanza kuvuta upande wa pili.

Kalibresheni pia inahitajika ukibadilisha liva, pampu au kontrolboksi. Fanya oili ikiwa na joto, mahali tambarare.

Na kabla hujamruhusu mchomeleaji aguse baketi: chomoa betri, chomoa soketi za kontrolboksi, ethi ya welding ibanwe karibu kabisa na anapochomea, isibanwe kwenye cheni wala kwenye injini. Vijana wa kuosha nao waambie mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye boksi la fyuzi wala chini ya liva.

Ukimaliza, andika namba ulizopima, ethi, omu za koili, presha ya chaji, kwa kalamu ya rangi nyuma ya mlango wa injini, pamoja na tarehe na saa za mtambo.